NYIMBO CHINI YA VIRUNGA: JE, TAMASHA LAWEZA KULINDA MSITU?

Wanafunzi wenzangu, na ninyi kaka zetu mliotangulia kupita katika shule hii,

Mwaka jana mwalimu wetu wa Jiografia alitupa insha yenye swali moja tu: "Je, wimbo waweza kulinda msitu?" Karibu darasa zima tuliandika kwamba waweza. Mimi nilijaza kurasa mbili, nikapata alama nzuri. Lakini nakiri mbele yenu kwamba niliandika kile nilichodhani mwalimu anataka kusoma, wala moyoni sikukiamini. Tangu siku ile nimeyaona mambo kadhaa kwa macho yangu, na sasa, kabla sijamaliza mwaka wa sita na kuondoka hapa, nataka kulijibu swali lile upya. Safari hii nitajibu kwa haki.

1. MSITU WENYEWE

Kwa faida ya wasomaji walio mbali, yafaa nianze na mahali. Kaskazini ya Rwanda iko safu ya milima ya volkano iitwayo Virunga. Mlima mrefu kuliko yote ni Karisimbi, wenye mita 4,507. Msitu unaoifunika milima hii umegawanywa na mipaka ya nchi tatu. Upande wa Kongo ni hifadhi ya Virunga, upande wa Uganda ni Mgahinga, na upande wetu ni Hifadhi ya Taifa ya Volkano, ambayo ukubwa wake ni kama kilomita za mraba 160.

Zamani msitu wetu ulikuwa mkubwa zaidi. Mwishoni mwa miaka ya 1960 kiasi cha hekta 10,000 ziliondolewa katika hifadhi ili watu walime pareto. Nyumba yetu sisi imesimama juu ya ardhi ambayo babu yangu aliijua ikiwa mianzi mitupu. Leo ukitoka shuleni kuelekea mlimani unapita mashamba ya viazi na pareto mpaka unafika kwenye ukuta wa mawe, na papo hapo nyuma ya ukuta msitu unaanza. Hakuna nafasi katikati. Jembe na mnyama ni majirani wanaotenganishwa na mawe tu.

Ndani ya msitu huo wanaishi gorila wa milimani. Mapema katika miaka ya 1980 waliohesabiwa katika Virunga yote walikuwa kama 250 tu. Hesabu ya mwaka 2015 na 2016 iliwakuta 604. Ukiwaongeza wale wa msitu wa Bwindi, Uganda, waliohesabiwa 459 katika taarifa ya baadaye, jumla yao ni 1,063. Basi wameongezeka, walakini hata sasa wote pamoja hawafiki idadi ya watu wanaokuja katika soko moja siku ya Jumamosi.

2. DESTURI YA KUMPA MTOTO JINA

Wanyarwanda tuna desturi ya zamani iitwayo kwita izina, yaani kumpa mtoto jina. Siku ya nane baada ya kuzaliwa, watoto wa majirani huitwa. Kwanza hupewa kipande kidogo cha shamba wakilime kidogo kwa majembe, kana kwamba wanamsaidia mama mzazi. Kisha hukaa chini na kupewa chakula. Wakisha kula, kila mtoto hutaja jina analopendekeza, na mwisho wazazi hutoa jina lenyewe.

Nawaomba mkumbuke mpango wa desturi hii: majirani wanalima, majirani wanakula, ndipo majirani wanataja jina. Nitalirudia jambo hili mbele.

3. SHEREHE YA KINIGI

Mwaka 2005 desturi hiyo ilifanywa sherehe ya nchi nzima kwa ajili ya watoto wa gorila. Mwaka ule wa kwanza gorila 30 walipewa majina. Tangu hapo sherehe imekuwa ikifanyika Kinigi, chini ya milima. Mwaka 2020 na 2021 ilifanyika kwa njia ya video kwa sababu ya ugonjwa wa Korona, na mwaka 2024 iliahirishwa kwa sababu ya ugonjwa wa Marburg.

Aliyepata kuhudhuria hawezi kusahau. Watu maelfu hukaa uwanjani, wazee na watoto, na wageni wa nchi nyingi. Mbele hujengwa umbo kubwa la gorila kwa mianzi na majani. Ngoma zinapigwa, intore wanacheza na manyoya yao meupe kichwani, na waimbaji wanaosikika redioni wanaimba wenyewe mbele ya wakulima wa viazi. Vijana huvaa mavazi ya gorila, wakaruka na kujipiga vifua hata watoto wadogo wakalia kwa hofu. Kisha waliochaguliwa kutoa majina hupanda mmoja mmoja, kila mtu akataja jina na maana yake.

Gorila wenyewe hawaletwi. Wanabaki msituni na mama zao. Sababu si ukali wao tu, bali ni kwamba gorila huambukizwa kwa urahisi magonjwa ya watu, hasa mafua na kikohozi. Kwa hiyo anayempenda gorila humwimbia kwa mbali.

Mtu aweza kuuliza, jina lina faida gani kwa mnyama asiyejua kwamba ameitwa? Faida ipo. Walinzi humtambua kila gorila aliyezoea watu kwa mikunjo ya pua yake, na wakisha kumpa jina, habari zake hufuatwa kama habari za mtu: amezaa, anaumwa, amenaswa katika mtego. Tena watoto wa vijiji vyetu wanayajua majina hayo. Ni vigumu kumtegea mtego mnyama ambaye mwanao amemwimba shuleni.

Lakini ziko fedha pia, na lazima tuzitaje. Tangu mwaka 2017 mgeni kutoka ng'ambo hulipa dola 1,500 za Marekani ili akae na gorila kwa muda wa saa moja. Tangu mwaka 2005 sehemu ya mapato ya hifadhi hurudishwa kwa wananchi waishio kando yake. Kwanza ilikuwa asilimia 5, na mwaka 2017 ikawa asilimia 10. Kwa fedha hizo yamejengwa madarasa, zahanati na matangi ya maji. Pia upo mfuko wa kulipa hasara kwa mtu aliyeharibiwa mazao na wanyama.

4. MFANO WA MBALI

Mwalimu wetu alitufundisha mfano mwingine ili tulinganishe. Katika Kanada, pwani ya magharibi, kipo kisiwa cha Vancouver, na katika kisiwa hicho iko sehemu ya ghuba na misitu mikubwa ya mvua iitwayo Clayoquot Sound. Mwezi wa Aprili 1993 serikali ya jimbo iliamua kwamba sehemu kubwa ya msitu ule yaweza kukatwa. Watu wakaanza kuziba njia za magari ya magogo. Tarehe 15 Julai mwaka ule kikundi cha muziki cha Australia kiitwacho Midnight Oil kilikuja, kikapiga muziki katika uwanja wa visiki, mahali ambapo msitu ulikuwa umekwisha kukatwa. Maelfu ya watu walihudhuria. Katika kiangazi kile zaidi ya watu 800 walikamatwa kwa kuziba njia.

Tamasha lile liliyavuta macho ya dunia. Walakini katika miji ya karibu walikuwako wakata miti ambao mishahara yao ilitoka katika msitu uleule, nao hawakufurahia muziki huo hata kidogo. Kilichofuata mwaka 1994 ni mapatano yaliyowapa wenyeji wa asili, Nuu-chah-nulth, sauti katika mambo ya misitu yao. Mwaka 2000 UNESCO ikaitia sehemu ile katika orodha yake ya hifadhi za viumbe. Mwalimu alituuliza: kati ya muziki na mapatano, kipi kiliulinda msitu? Tulibishana hata kengele ikalia. Mimi sikuwa na jibu. Nililipata nyumbani kwetu.

5. TAMASHA LETU LA KWANZA

Mwezi wa Juni 2024 chama cha mazingira cha shule yetu kiliamua kufanya tamasha katika uwanja wa mpira, ulio karibu na ukuta wa hifadhi. Niliwekwa kuwa mwongoza kwaya. Tulitunga nyimbo tano za kuusifu msitu: mianzi yake, ukungu wake, maji yake na gorila wake. Tulialika vijiji viwili. Kila mzazi aliyekuja alipewa mche mmoja wa kwenda kupanda.

Kabla ya kuendelea yafaa mjue habari moja ya kwetu. Mwaka 2021 mbogo walishuka usiku, wakapita mahali ambapo mawe ya ukuta yalikuwa yameanguka, wakala na kukanyaga shamba zima la viazi la baba yangu. Viazi vile ndivyo vilivyokuwa karo yangu. Nilikaa nyumbani muhula mzima. Hii ndiyo sababu niko mwaka wa sita nami nina umri wa miaka 19. Basi pale uwanjani niliimba sifa za msitu kwa sauti kubwa, na ndani nilikuwa na kinyongo nao.

Baada ya wimbo wa nne mzee mmoja alisimama, akavua kofia, akasema kwa upole:

"Watoto wangu, mmeimba vizuri, nami napenda kwaya. Lakini nauliza. Mbogo walipokula viazi vyangu, nyimbo hizi zilikuwa wapi?"

Watu walicheka, kisha wakanyamaza. Walinitazama mimi, maana wengi walijua kwamba mzee yule ni baba yangu.

Sikuweza kumjibu. Nilipunga mkono, tukaimba wimbo wa tano, nao uliimbwa vibaya kuliko yote. Usiku nilimwambia, "Baba, umenitia aibu mbele ya shule." Akanijibu, "Mwanangu, nimekuuliza wewe kwa sababu wewe ndiye uliyekosa masomo. Nilidhani katika watu wote pale wewe utalijua jibu."

Ile miche nayo ilikufa karibu yote. Tuliigawa mwanzo wa kiangazi, na mvua haikunyesha tena mpaka mwezi wa Septemba. Mkulima yeyote angalituambia, kama tungalimwuliza.

6. TAMASHA LA PILI

Muhula uliofuata Padre mlezi wa chama alitukataza kutunga wimbo wowote kabla hatujawasikiliza watu. Basi kwa Jumapili sita, baada ya misa, tulikwenda wawili wawili katika nyumba zilizo kando ya ukuta. Tulikuwa na daftari, na tuliuliza maswali mawili: "Msitu unakupa nini? Msitu unakunyang'anya nini?"

Tulijifunza mengi ambayo hayamo vitabuni. Kwa mfano, sisi tulidhani watu huingia msituni kukata mianzi kwa ukaidi. Kumbe sababu kubwa ni maharage. Maharage ya kwetu ni yale yanayopanda, nayo yanataka miti ya kusimamia, na mtu asiye na miti shambani mwake ataitafuta ilipo. Tena mzee mmoja aliyekuwa mtega wanyama zamani alitueleza kwamba yeye hakumtaka gorila kamwe. Alitega mitego ya waya kwa ajili ya paa, na gorila akanasa mkono. Alisema, "Nilimsikia akilia kama mtoto, nikakimbia. Sikurudi tena kutega." Mzee huyu anajua kupiga umuduri, ule upinde wa uzi mmoja wenye kibuyu. Tulimwomba aje.

Tamasha lilifanywa Jumamosi moja ya mwezi wa Machi 2025, mwanzo wa masika. Tulianza saa tatu asubuhi, kwa kuwa mvua za kwetu hupenda kuja mchana. Hatukutumia kipaza sauti, ili tusiwasumbue wanyama walio nyuma ya ukuta. Ngoma na sauti za watu zilitosha. Tuliwaalika kiongozi wa tarafa na walinzi wa hifadhi, tukawaweka kwenye benchi la mbele.

Safari hii sisi wa kwaya tuliimba nyimbo mbili tu. Zilizobaki zilikuwa za wenyeji. Kina mama waliimba juu ya maji yanayotoka msituni. Mzee wa umuduri aliimba habari ya mtego wake, na alipofika pale gorila anapolia aliuacha uzi ulie peke yake, uwanja wote ukawa kimya. Kisha baba yangu alisimama na wazee wenzake watatu. Alikuwa ametunga wimbo wa mbogo. Aliwaita mbogo wageni wanaokuja kula bila kualikwa, akawasifu kwa unono wao, akahesabu mistari ya viazi waliyoila mmoja mmoja, na mwisho akawauliza walio kwenye benchi la mbele: ukuta utajengwa lini? Watu walicheka hata wakashika mbavu. Na walinzi wa hifadhi walicheka, lakini mmoja wao alitoa kalamu akaandika.

Mvua ilikuja saa sita kabla hatujamaliza. Tulikimbilia chini ya mabaraza ya madarasa, tukaendelea kuimba hapo.

Sasa nitaeleza yaliyofuata, bila kuongeza chumvi. Jumamosi ya mwisho ya mwezi, siku ya umuganda, wanakijiji, wanafunzi na walinzi walijenga pamoja sehemu tatu za ukuta zilizoanguka. Wanafunzi wa mwaka wa tano wameanza kuwa waandishi: mtu akiharibiwa mazao, wanamsaidia kujaza karatasi za kuomba malipo mapema, kabla muda haujapita. Mpaka sasa jirani zetu wawili wamelipwa. Baba yangu hakulipwa, kwa kuwa hasara yake ilikuwa ya zamani na wakati ule hakujua pa kupeleka habari. Kwa viingilio vya wageni, faranga 500 kila mtu, tulinunua miche 600 ya miti ya kuni na ya kusimamishia maharage, tukaigawa palepale mvua ikinyesha. Mwezi wa Juni tuliihesabu, tukakuta 431 ni mizima.

Mbogo mmoja bado alipita mwezi wa Mei. Ukuta si mbingu.

7. JIBU LANGU

Basi, je, wimbo waweza kulinda msitu? Jibu langu la leo ni hili: waweza, kama anayeimba ni yule anayeishi kando ya msitu, na kama baada ya wimbo anarudi nyumbani na sehemu yake. Wahenga walisema, mkono mtupu haulambwi. Tamasha letu la kwanza lilikuwa mkono mtupu. Tuliwataka majirani wampe msitu jina zuri bila kuwalisha, jambo ambalo hata desturi yetu hairuhusu. Katika kwita izina mtoto wa jirani hula kwanza, ndipo anataja jina.

Wala sisemi kwamba fedha peke yake zatosha. Asilimia 10 ilikuwapo mwaka ule baba alipopoteza viazi vyake, naye hakujua njia ya kuufikia mfuko wa kulipa hasara. Wimbo ndio uliomwezesha mkulima kusema na wakubwa bila kugombana, mbele ya watu, na kwa namna ambayo hawakuweza kuisahau. Barua ya baba ingaliweza kupotea mezani. Wimbo wake unaimbwa na watoto njiani mpaka leo.

Kwa shule yoyote itakayotaka kufanya tamasha la namna hii, nayaandika kwa ufupi tuliyojifunza:

(a) Sikilizeni majirani wa msitu kabla ya kutunga.
(b) Fanyeni nje ya msitu, wala si ndani, tena bila vipaza sauti.
(c) Chagueni mwanzo wa mvua, kama mna miche ya kugawa.
(d) Wenye mamlaka wakae mbele, na wenyeji ndio waimbe.
(e) Baada ya miezi mitatu hesabuni kilichobaki hai, hata kama hesabu itawaaibisha.

Kaka zetu wa zamani, wengi wenu mna kazi na baadhi yenu mna mashamba. Tamasha la tatu litafanyika katika masika yajayo, nami sitakuwapo kuongoza kwaya. Aliye na majembe ya ziada, au mbegu, au hata nafasi ya siku moja tu ya kuja kujenga ukuta, na amwandikie Padre mlezi. Na ninyi mnaobaki darasani, mkipewa tena swali lile la Jiografia, msiandike kama nilivyoandika mimi. Nendeni kwanza mkamwulize mtu mwenye shamba la viazi.

MASWALI YA KUJIFUNZA

1. Kwa nini gorila hawaletwi katika sherehe ya Kinigi?
2. Linganisha tamasha la Clayoquot Sound la mwaka 1993 na tamasha la kijijini. Yanafanana wapi, na yanatofautiana wapi?
3. Katika kijiji chenu, msitu au mto unawapa nini majirani wake, na unawanyang'anya nini? Waulize watu watatu kabla ya kuandika.